Injini Haijui Kurudi Nyuma

Kama umewahi kupanda basi la Nairobi pale Kitui mjini, stendi ikiwa imejaa hadi hakuna pa kugeuzia, unaijua hiyo sinema. Dereva anaweka rivasi. Makanga anashuka, anaenda nyuma ya gari, anagonga bodi kwa kiganja: “Kuja, kuja, kuja… hapo hapo!” Gari linarudi nyuma na mtu anasema kuja. Hakuna anayeshangaa. Wala hakuna anayejiuliza: je, injini yenyewe imerudi nyuma?

Haijarudi. Chini ya boneti kila kitu bado kinazunguka upande ule ule kiliozunguka tangu asubuhi. Kilichobadilika ni gia. Gurudumu moja dogo la meno limeingizwa katikati ya mengine mawili, likageuza mwendo kabla haujafika kwenye matairi. Injini haina habari. Na pale ambapo gia hiyo haipo, kazi inamwangukia binadamu: mtazame mtu wa boda pale Wote akitaka kutoka kwenye msongamano, anavyoisukuma pikipiki nyuma kwa miguu kama mtoto kwenye baiskeli ya magurudumu matatu.

Nilisoma uhandisi miaka miwili kabla ya kuacha chuo. Tulichora injini ya hatua nne mpaka tukaota nayo, na kwenye kila mchoro mshale wa mzunguko ulielekea upande mmoja. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba mshale huo unaweza kugeuka. Hilo nilikuja kulijua kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kusaga unga upande wa Mutomo, kusini mwa Kitui. Kifundo cha mkono wake wa kulia kimepinda.

“Ilinirudia,” aliniambia, kama mtu anayeongea kuhusu ng’ombe mkali.

Mashine yake inaendeshwa na injini ya dizeli ya silinda moja, ya kuwashwa kwa mkono. Kuiwasha kuna adabu yake. Unainua kijiti cha juu ili silinda isikandamize hewa, unazungusha mkono wa chuma hadi gurudumu zito lishike kasi, kisha unaachilia kijiti. Kasi ikitosha, pistoni inavuka kilele, mafuta yanalipuka, injini inaondoka. Lakini ukichoka mapema, pistoni inakaribia kilele na nguvu inaishia hapo. Mafuta hupuliziwa kidogo tu kabla ya kilele, kwa hivyo yanawaka pistoni ikiwa bado haijavuka, na mlipuko unaisukuma irudi ilikotoka. Mkono wa chuma unarudi nao. Ndiyo maana mafundi wa zamani hufundisha kuushika gumba likiwa upande mmoja na vidole vingine. Ukirudi ghafla, utakutoka mkononi. Ukiwa umeuzungushia gumba, unakuvunja.

“Sasa mzee, injini si ilizima?”

“Ingezima ningeshukuru, kijana. Iliendelea kuwaka. Kinyume. Moshi ukawa unatoka kwa chujio la hewa.”

Alifunga mafuta kwa mkono uliobaki mzima.

Nilirudi nyumbani nikachora tena ule mchoro wa chuo, safari hii nikigeuza mshale. Injini ya hatua nne huvuta hewa, huikandamiza, huchoma mafuta, kisha hutoa moshi. Ina milango miwili, yaani valvu: mmoja wa hewa kuingia, mwingine wa moshi kutoka. Anayeifungua ni kamshafti, fimbo yenye vinundu. Kila kinundu kikipita, kinasukuma valvu yake kwa wakati wake. Sasa izungushe fimbo hiyo kinyume. Pistoni ikishuka, mlango unaofunguka ni ule wa moshi, kwa hivyo injini inavuta pumzi kupitia ekzosi. Pistoni ikipanda kutoa moshi, mlango unaofunguka ni wa hewa, kwa hivyo moshi unatokea kwenye chujio. Ya petroli yenye kabureta ingekufa papo hapo, kwa sababu kabureta imekaa kwenye mlango ambao sasa ni wa kutokea. Dizeli inaweza kuendelea kidogo, kwa kuwa mafuta yake hupuliziwa ndani ya silinda yenyewe. Lakini pampu ya oili nayo inazunguka kinyume, na vyuma vinaanza kusagana vikiwa vikavu.

Basi mzee hakuwa akitia chumvi. Na mkono wake uliopinda una uhusiano na historia ya sehemu hizi kuliko nilivyodhani.

Kutoka Mutomo, barabara ya lami sasa inateremka hadi Kibwezi, kaunti ya Makueni, ambako unakutana na reli. Reli hiyo ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899. Katika nchi ya Wakamba ilipita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Sultan Hamud, mji unaobeba jina la Hamoud bin Mohammed aliyekuwa Sultani wa Zanzibar wakati huo. Kitui haikuipata. Eneo ambalo misafara yake ya pembe za ndovu ilikuwa ikishuka hadi Mombasa katika karne ya 19 liliachwa kando, likasubiri malori.

Kilichopita juu ya reli hiyo kilikuwa mvuke, na mvuke haukuwa na shida ya kurudi nyuma. Pistoni ya garimoshi husukumwa na mvuke kutoka pande zote mbili, na kinachoamua iende wapi ni valvu inayoruhusu mvuke uingie upande huu ama ule. Badilisha wakati wa valvu hiyo, na magurudumu yale yale yanazunguka kinyume. Mwaka 1842 wafanyakazi wawili wa kiwanda cha Robert Stephenson huko Newcastle, William Howe na William Williams, walitengeneza mtambo wa kufanya hivyo kwa kusogeza chuma kimoja. Dunia iliuita kwa jina la mwenye kiwanda. Mwaka 1844 Mbelgiji Egide Walschaerts, fundi wa shirika la reli, alipata mtambo wake, na huo angalau ulibaki na jina lake. Ukiona picha ya garimoshi lenye vyuma vinavyocheza nje ya magurudumu kama viwiko vya mtu anayekanda unga, mara nyingi unauangalia mtambo wa Walschaerts.

Kilele cha mvuke kwetu kilikuwa Garratt za daraja la 59. Kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester iliunda 34, zikaletwa mwaka 1955 na 1956 kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 hivi na jina la mlima wa Afrika Mashariki. Garratt ni kama injini mbili zilizopeana mgongo, boila ikiwa katikati, na hukimbia mbele au nyuma bila kujali. Ukitaka kuona moja, Mount Gelai, namba 5918, imesimama katika jumba la makumbusho la reli pale Nairobi. Simama karibu na magurudumu yake, uone vile vyuma vya valvu vilivyo vinene. Kurudi nyuma kulikuwa ndani ya mwili wake.

Ila mvuke una kiu, tena mkubwa. Na katika nchi kavu kama ile, penye maji ndipo treni husimama. Makindu ina jina la mikindu, mti unaoota palipo na maji. Treni ikisimama, watu wanashuka, mtu anauza mayai ya kuchemsha, mwingine chai, fundi anazunguka na nyundo na oili. Masingasinga waliofanya kazi ya reli walijenga hekalu lao hapo mwaka 1926, na hadi leo msafiri yeyote wa barabara ya Mombasa anaweza kuingia akapewa chakula bure. Huwezi kuielewa Makindu bila kuelewa kiu ya mvuke.

Huko Ulaya, wakati reli yetu ikipanda kutoka pwani, Rudolf Diesel alikuwa anakamilisha injini yake. Mwaka 1897 ilifanya kazi vizuri, tena kwa kutumia mafuta machache mno ukilinganisha na mvuke. Kila mwenye meli aliitamani. Shida ikawa ile ya mzee wa Mutomo: haikujua kurudi nyuma. Na meli isiyoweza kurudi nyuma haiwezi kusimama, kwa sababu meli haina breki. Breki yake ni kuzungusha propela kinyume.

Warusi walikuwa kati ya wa kwanza kutafuta njia ya kukwepa. Mwaka 1903 kampuni ya ndugu wa Nobel ilizindua meli ya mafuta iliyoitwa Vandal. Injini zake za dizeli hazikuzungusha propela moja kwa moja. Zilizungusha jenereta, jenereta zikalisha mota za umeme, na mota ndizo zilizozungusha propela. Ukitaka kurudi, unageuza umeme. Dizeli inaendelea na mambo yake.

Wengine waliamua kuifundisha injini yenyewe. Kampuni ya Sulzer ya Uswisi ilikuwa na injini ya meli ya kugeuzwa kufikia mwaka 1905, na mwaka 1912 meli ya Denmark, Selandia, ikavuka bahari hadi Bangkok kwa injini mbili za aina hiyo. Njia iliyokuja kuzoeleka katika injini za hatua nne ni rahisi kueleza. Kwenye kamshafti, kila valvu inapewa vinundu viwili vilivyokaa bega kwa bega, kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma. Injini inasimamishwa kabisa. Fimbo nzima inasukumwa kidogo kando, valvu zikawa sasa zinafuata vinundu vya pili. Kisha hewa iliyoshindiliwa kwenye mitungi inaingizwa katika silinda, inaisukuma injini ianze kuzunguka upande mpya, ndipo mafuta yanafuata.

Hadi leo meli nyingi kubwa zinazotia nanga Kilindini zikiwa na makontena ya mitumba na simu zetu hurudi nyuma kwa kuzima injini na kuiwasha kinyume, ingawa katika zile mpya kompyuta ndiyo inayopanga wakati wa valvu. Na kila jaribio linakula hewa. Kanuni za meli zinataka mitungi iwe na hewa ya kutosha kuwasha injini kama hiyo angalau mara 12 bila kujazwa tena. Ukiimaliza yote kwa kwenda mbele na nyuma bandarini, meli yako inabaki kuelea tu.

Kwenye reli walijaribu njia hiyo hiyo. Mwaka 1912 na 1913, Diesel, Sulzer na mhandisi Adolf Klose walifanya majaribio ya garimoshi ambalo injini yake iliunganishwa na magurudumu bila gia yoyote. Ili liondoke lilihitaji kusukumwa na hewa iliyoshindiliwa mpaka lishike mwendo. Vyuma vilivunjika, mradi ukafa. Reli duniani zikarudi kwenye wazo la Vandal: dizeli izungushe jenereta, umeme uzungushe magurudumu.

Hiyo ndiyo iliyotufikia. Shirika la reli la Afrika Mashariki lilipokea dizeli kubwa za English Electric mwaka 1960, na kufikia mwaka 1980 hivi Garratt za mwisho zilikuwa zimeondolewa kazini. Hata treni ya SGR iliyoanza mwaka 2017, inayosimama Mtito Andei, Kibwezi na Emali, ni dizeli inayotengeneza umeme wake ikitembea. Dereva akitaka kurudi nyuma anageuza kishikio kidogo, umeme unaingia kwenye mota kwa mpangilio mwingine, na injini inaendelea kunguruma upande ule ule. Kama lile basi la Kitui.

Dizeli hainywi maji kila kituo. Haina boila ya kusafishwa wala moto wa kuwashwa saa kadhaa kabla ya safari. Kwa hivyo ilipita Makindu bila sababu ya kusimama sana. Watu hupenda kusema miji ya reli ilikufa kwa sababu ya uvivu wa serikali ama barabara, na yote yana ukweli wake. Lakini sehemu ya maisha ile iliondoka na kiu ya mvuke, na hakuna aliyeitisha baraza kuuliza muuza mayai anaonaje. Mwaka 2017 treni ya zamani ya abiria kati ya Nairobi na Mombasa nayo ilikoma. Biashara ikahamia kando ya lami, kwenye malori. Zote zina gia ya rivasi.

Nilipoacha chuo, shangazi yangu alisema nimerudi nyuma. Kwa muda mrefu sikuwa na jibu. Siku hizi namwambia kwamba kurudi kunahitaji usimame kwanza, upange upya kila mlango, halafu uombe hewa iwe imebaki kwenye mtungi. Haamini. Anasema hizo ni hadithi za mtu asiye na digrii.

Mara ya mwisho nilipopita Mutomo, umeme wa stima ulikuwa umefika sokoni na jirani wa yule mzee ameweka mashine ya mota. Unabonyeza tu. Yake bado ilikuwa inafanya kazi, foleni ya ndoo ikiwa fupi kuliko zamani. Aliniruhusu niiwashe. Nilipoushika mkono wa chuma aliuangalia mkono wangu kwanza, si uso.

“Gumba,” akasema. “Toa gumba.”