Kokoto za Mdako

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukaja kutanda hadi Rudewa, Kilosa. Historia ya mashamba hayo huandikwa kwa tani na marobota, watoto hawamo. Lakini wazazi walipokuwa wakikata mkonge, watoto walicheza mdako: unarusha kokoto juu, unazoa nyingine shimoni, unaidaka ya kwanza kabla haijaanguka. Hapo mtoto anahesabu, anakumbuka, anasubiri zamu, anajifunza kushindwa, katika miaka ileile ambayo ubongo wake unakua kwa kasi. Sera ya Elimu ya 1995 ilipoitambua elimu ya awali, masomo yalikuwa yameshaanza uwanjani. Tukimpokonya kokoto ili akariri irabu, tumemfunza nini?