Usawa wa mataifa katika manabii wa Kiebrania

Usawa wa mataifa ni fundisho la manabii wa Kiebrania kwamba Mungu wa Israeli huyatunza na kuyahukumu mataifa yote. Tamko lake kali zaidi ni Amosi 9:7, ambapo Waisraeli wanalinganishwa na Wakushi, na kuhama kwa Wafilisti kutoka Kaftori na Waaramu kutoka Kiri kunahesabiwa kuwa kazi ya Mungu huyohuyo. Isaya 19 inazijumuisha hata Misri na Ashuru, dola zilizowatisha Waisraeli, katika baraka moja. Fundisho hili lina mwangwi hata nchini Kenya: huko Nyeri, ambako Wakikuyu walimwomba Ngai wakielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, kabla Waskoti hawajaanzisha misheni ya Tumutumu mwaka 1908, Biblia ya Kikuyu ilimwita Mungu wa manabii Ngai, uamuzi uliokaribiana mno na fundisho lenyewe.