Mackinnon Road: uwanja kwanza, ghorofa baadaye

Wadau, jina letu limetoka kwa William Mackinnon, bosi wa kampuni ya Waingereza iliyotawala huku hadi 1895. Mwisho wa miaka ya 1940 jeshi likajenga mabohari. 1954, baada ya msako wa Anvil kule Nairobi, maelfu wakafungiwa hapa. Walipanga mizigo na wafungwa. Mtoto wa kucheza hakuwa kwenye hesabu.

Leo je? Sheria ya 2020 inawapa walionunua nyumba za ghorofa umiliki wa eneo la pamoja. Mpangaji hana hiyo. Anategemea kaunti, ambayo kwa sheria ya 2019 ndiyo inatoa ruhusa ya kujenga.

Mi nasema Kwale isipitishe ramani isiyo na pa kuchezea. Ghorofa ikishasimama, nani ataibomoa?