Ukoo wa Darby na Kazi ya Chuma

Majina mengi ya ukoo katika Uingereza yalitokana ama na kazi, kama Smith, yaani mhunzi, ama na mahali. Darby ni la namna ya pili: asili yake ni mji wa Derby. Lakini tulisikiapo leo, fikira zetu huelekea Coalbrookdale, bonde dogo karibu na mto Severn, ambako baba, mwana na mjukuu, wote wakiitwa Abraham Darby, walifanya kazi ya chuma.

Wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 1678, alikuwa mwanagenzi wa fundi wa vinu vya kimea huko Birmingham. Mwaka 1707 alipata hati ya kulinda njia yake ya kusubu vyungu vya chuma katika mchanga. Mwaka 1709 akayeyusha chuma kwa koki, yaani makaa ya mawe yaliyokwisha kuokwa. Kabla yake matanuri yalitumia makaa ya miti, ambayo huvunjika upesi yakilemewa. Makaa ya mawe yakiwa mabichi hukiharibu chuma kwa salfa yake. Yakiokwa, salfa nyingi hutoka, nayo hupata nguvu ya kuchukua mzigo mkubwa wa mawe ya chuma. Ndipo matanuri yalipoweza kukuzwa.

Twapenda kusema kwamba ufundi huo ulirithiwa na mwana kutoka kwa baba. Sivyo ilivyokuwa. Abraham wa kwanza alipofariki mwaka 1717, mwanawe, mzaliwa wa 1711, alikuwa bado mtoto. Aliyeiendesha kazi ni Richard Ford, mume wa Mary, binti wa marehemu. Huyo mwana naye, baada ya kufanikiwa kupata chuma cha koki kinachofaa kufuliwa, alifariki mwaka 1763, na mrithi wake alikuwa amezaliwa mwaka 1750 tu! Safari hii kazi ikashikwa na Richard Reynolds, aliyekuwa amemwoa Hannah Darby. Na habari za tanuri la 1709 twazijua kwa sehemu kutokana na barua ya Abiah, mjane wa Abraham wa pili. Jina lilipita kwa wanaume. Kazi yenyewe ilivushwa na mabinti, wakwe na mjane.

Abraham wa tatu ndiye aliyejenga daraja la chuma juu ya Severn, lililosimamishwa mwaka 1779 na kufunguliwa mwaka 1781. Mchoro wa awali ulikuwa wa Thomas Pritchard, aliyefariki mwaka 1777 bila kuliona. Upana wa tao lake ni kama mita 30, na vipande vyake viliunganishwa kiseremala, ulimi katika tundu, kwa kuwa mafundi hawakuwa na mfano mwingine wa kufuata. Gharama zilizidi makadirio, na ziada ikamwelemea Darby. Alifariki mwaka 1789, akiwa hajatimiza miaka arobaini, na madeni yake hayajakwisha. Daraja lilifungwa kwa magari mwaka 1934; waendao kwa miguu wangali wakilivuka.