Usitupe Ile TV Game ya Kaseti

Wasee, kabla mtu hajatupa ile TV game ya kaseti iliyolala juu ya kabati, nisikizeni kidogo. Tuliiita Nintendo, kumbe wala! Nintendo walitoa Famicom kule Japani mwaka 1983. Iliyotufikia sisi ni nakala yake ya bei nafuu, na kaseti iliyojidai ina gemu maelfu, kumbe ni Mario na Contra zinajirudia. Feki, sawa, lakini ndiyo historia yetu.

Yangu nimeifufua juzi hapa Kishushe. Ardhi ya huku ina madini ya chuma, na vumbi lake huingia kila mahali. Zamani tulipuliza kaseti. Makosa! Unyevu wa pumzi huleta kutu. Ile kaseti ina meno 60: yasugue polepole kwa raba ya penseli, pitisha pamba yenye spiriti, ikauke, chomeka. Mario huyo!

Nintendo wenyewe waliacha kuunda Famicom 2003, na kuzirekebisha 2007. Fundi aliyebaki ni wewe. Ukiitupa, wadogo zetu watajuaje tulianzia wapi?