MPAGAZI: NI KAZI AU NI UKOO?

Msikilizaji wangu mmoja wa Isevya, Tabora, ameniandikia swali ambalo sikulitarajia katika kipindi cha historia. Anasema binti yake anasoma baiolojia kidato cha sita, na daftari lake limejaa protini zilizopewa namba kama magari. Mzee huyo anauliza: hivi hao wanasayansi wamekosa kazi, hata wakae kugawa katika makundi vitu visivyoonekana kwa macho?

Mzee wangu, shikamoo. Jibu la swali lako linaanzia hapo hapo ulipo, maana moja ya makundi hayo wanasayansi wenyewe wameliita kwa neno la mtu anayebeba mzigo kwa ujira. Kwa Kiswahili chetu, wapagazi.

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapanda Mpwapwa, ikakatiza Ugogo na ukame wake, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora. Kutoka hapo ilivuka mto Malagarasi karibu na chemchemi za chumvi za Uvinza na kuishia Ujiji. Ni mwendo wa kilometa kama 1,200. Punda walijaribiwa, lakini mbung'o na maradhi viliwamaliza wengi. Basi merikani, ushanga na masango vilikwenda bara juu ya kichwa na bega la binadamu, na pembe za ndovu zikateremka pwani vivyo hivyo. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, ukiachilia mbali mkeka wake na chungu chake.

Sipendi kuipaka rangi historia hii. Katika njia hiyo hiyo walipita watu wenye minyororo shingoni, na hao hawakuwa wapagazi, walifanywa bidhaa. Lakini mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mtu huru, mwenye mapatano na mwenye msafara, aliyejua kutua mzigo na kugoma pale posho ilipopunjwa.

Sasa, huyo Mnyamwezi alikuwa nani? Huko pwani karibu kila mpagazi aliyeshuka kutoka magharibi aliitwa Mnyamwezi. Kumbe humo alikuwamo Msukuma, alikuwamo Msumbwa, na wengineo. Wapo waliolipokea jina hilo kwa hiari yao, kwa sababu lilikuwa na soko: mwenye mali alilitafuta. Je, lilikuwa jina la ukoo au jina la kazi? Lilikuwa yote mawili, na mara nyingine mawili hayo hayakukubaliana.

Jambo kama hilo ndilo lililowakabili Profesa Milton Saier na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Kila seli ya mwili imezungukwa na utando mwembamba wenye asili ya mafuta. Chumvi na sukari haviwezi kupenya mafuta hayo kwa urahisi, kwa hiyo zipo protini zilizopachikwa ndani ya utando ambazo kazi yake ni kuvusha. Ni maelfu kwa maelfu, na zamani kila maabara ilizipa majina yake. Saier akaweka utaratibu unaouliza maswali mawili kwa pamoja. Kwanza, protini hii inavusha kwa njia gani, na nguvu yake inatoka wapi? Pili, ukilinganisha mpangilio wa vijenzi vyake na wa nyingine, ni ya ukoo gani? Mwaka 2001 utaratibu huo ulikubaliwa na chama cha kimataifa cha wanabaiokemia. Anwani ya kila protini ina sehemu tano, kama vile sisi tunavyosema mkoa, wilaya, kata, kijiji na nyumba.

Tabaka la kwanza ni la milango. Mlango ukiwa wazi vitu vinapita vyenyewe, kutoka penye vingi kwenda penye vichache, ukifungwa, basi. Mtu wa Tabora anaelewa haraka: mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji, Stanley na bendera yake ya Marekani alilazimika kuzunguka kusini.

Tabaka la tatu, nilitaje kabla ya la pili, ni la pampu. Hizi zinasukuma vitu kwenda visikotaka kwenda, na kila safari zinalipa kwa nishati. Naifananisha na hongo waliyotozwa wenye misafara Ugogo. Enzi hizo hongo lilikuwa neno la heshima, ushuru wa kupita katika nchi ya mwenyewe. Yaliyolipata baadaye mnayajua. Jens Skou wa Denmark aliitambua pampu ya sodiamu mwaka 1957, akapewa Tuzo ya Nobel miaka 40 baadaye. Kwa kila malipo moja inatoa sodiamu tatu nje ya seli na kuingiza potasiamu mbili.

Katikati, tabaka la pili, ndipo walipo wapagazi. Mpagazi halipi hongo mwenyewe. Pampu imekwisha kuitoa sodiamu nje, nayo sodiamu inataka kurudi ndani. Mpagazi anautumia mteremko huo kuvusha na mzigo mwingine. Wapo wanaobeba kitu kimoja, wapo wanaopeleka hiki na kurudi na kile, na wapo wanaobeba viwili kwa mkupuo mmoja. Matabaka ya nne na ya tano nayaruka, maana muda wa hewani haungojei. Ila nimependa kwamba namba 6 na 7 zimeachwa tupu kwa ajili ya watakaogunduliwa.

Hayo yangekuwa mambo ya daftari tu kama si kipindupindu. Daktari James Christie, Mskochi aliyefanya kazi Unguja, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima kuhusu ugonjwa huo katika Afrika Mashariki. Alionyesha kwamba gharika ya 1869 haikuja Unguja kwa jahazi kutoka ng'ambo. Ilitoka bara, ikapita Umasaini na kuteremkia Pangani. Ugonjwa ulitembea kwa miguu ya misafara.

Sumu ya kipindupindu ikifika katika utumbo mdogo inaifanya protini moja, iitwayo CFTR, ibaki wazi. Kloraidi inamwagika nje ya seli, sodiamu inafuata, na maji nyuma yao. Mgonjwa mkali anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Na hapa ndipo penye utamu wa hesabu ya Saier: kwa ukoo, CFTR imo katika tabaka la tatu, anwani 3.A.1, ndugu zake karibu wote pampu. Kwa kazi ni mlango. Ni mtoto wa ukoo wa watoa hongo aliyekwenda kuajiriwa bawabu. Ukimsoma kwa ukoo peke yake utakosea kazi yake, na ukimsoma kwa kazi peke yake hutajua ndugu zake.

Kwa muda mrefu madaktari waliamini kwamba kipindupindu kinabandua ngozi ya utumbo, kwa hiyo mgonjwa asipewe kitu mdomoni, atundikiwe dripu. Asiye na dripu alikufa. Kumbe utumbo haukubanduka. Ulikuwa mlango mmoja tu umeachwa wazi, na mpagazi jirani yake bado yuko kazini. Mwaka 1960, kwenye mkutano mjini Prague, Mmarekani Robert Crane alieleza kwamba sukari aina ya glukosi huingia katika seli za utumbo ikiwa imefungamana na sodiamu. Leo tunajua mpagazi huyo, anayeitwa SGLT1, hubeba sodiamu mbili na glukosi moja. Anwani yake inaanza na 2.A.21, na binti wa Isevya ataikuta katika orodha yake.

Mfikirieni mtu mwenye mzega begani, chumvi upande huu na sukari upande ule. Upande mmoja ukiwa mtupu, haondoki. Ndiyo maana maji ya chumvi peke yake hayamfai mgonjwa, na maji ya sukari peke yake hayamfai. Vikiwa pamoja vinaingia, na maji yanafuata. Kinywaji hicho hakifungi ule mlango, kuhara kunaendelea; kinarudisha kinachopotea. David Nalin na Richard Cash walikijaribu Dhaka mwaka 1968, na dripu zilizohitajika zikapungua sana. Mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India, dripu zilipokwisha, Daktari Dilip Mahalanabis aliwapa wagonjwa kinywaji hicho kwa vikombe na ndoo. Vifo vilishuka kutoka kiasi cha 30 katika kila 100 hadi chini ya wanne. Pakiti za zahanati ndizo bora. Pasipokuwa na pakiti, ni lita moja ya maji salama, vijiko vya chai sita vya sukari, na nusu kijiko ya chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kujaza kilima.

Elimu hiyo ilikuwapo tayari Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Goma. Hata hivyo inakadiriwa watu karibu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Maji safi yalikuwa machache na mikono ya kuwanywesha ilikuwa michache.

Mei 2015 ilikuwa zamu yetu, ncha ile ile ya magharibi ilikoishia njia ya misafara. Maelfu ya Warundi walikwama Kagunga, kijiji cha ufukweni kaskazini ya Kigoma, wakingoja meli ya MV Liemba iwavushe. Kipindupindu kikawakuta hapo. Waliougua walizidi 3,000. Waliokufa walikuwa kama 30.