Mabibi Zetu na Joto la Kaskazi



Miezi ya kaskazi, Disemba hadi Machi, ndiyo ya fukuto visiwani kwetu. Miaka hii ya karibuni Rajab na Shaaban zimeangukia humo humo, na harusi nyingi hufungwa kabla ya Ramadhani. Sisi tunaoshona nguo za maharusi tunayaona: bi harusi yuko hoi, shela limemganda kwa jasho, somo anampepea kwa kadi ya mwaliko. Mabibi zetu waliolewa kwenye joto hili bila umeme. Waliwezaje?

Kwanza nyumba. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene zinazochelewa kupata moto. Katikati pana ua wazi ambao hewa ya moto hupandia juu na kutoka. Vichochoro ni vyembamba, kwa hiyo nyumba hutiliana kivuli. Sayyid Barghash alipojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883 aliizungushia varanda pana, jua lisipige ukuta moja kwa moja.

Pili maji. Mwaka 1850 Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi hamamu kule Kidichi, juu kilimani kwenye upepo. Wasiokuwa na hamamu walikuwa na gudulia. Udongo wake hupitisha maji kidogo kidogo, yakikauka nje, yaliyomo ndani hupoa.

Tatu wakati. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa mwaka 1844, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1886 jinsi mabibi wa kasri walivyotembeleana usiku kwa mwanga wa taa. Ilikuwa sitara, na ilikuwa pia kulikwepa jua. Dini yetu nayo imelizingatia joto: Mtume (S.A.W.) alielekeza sala ya adhuhuri icheleweshwe mpaka jua lipungue makali.

Nne nguo, na hapa ndipo penye fani yetu. Karne ya 19 bandari yetu ilipokea merikani, kitambaa cha pamba kutoka Marekani, na baadaye kanga ikaenea. Zote ni pamba. Pamba hunyonya jasho na kupitisha hewa, na kanga mbili humsitiri mtu mwili mzima bila kumbana. Kwa hiyo sitara haikuwahi kuwa ndiyo inayotuunguza. Kinachotuunguza ni kitambaa. Satini nyingi za mashela ya leo ni poliesta. Hainyonyi jasho, na tunaiwekea bitana ya poliesta, kisha koti la ndani la poliesta.

Maharusi, mwambieni fundi atie bitana ya pamba na aache nafasi kwapani na kiunoni. Shughuli ya mchana isogezeni baada ya alasiri. Usikae na kiu kwa kuogopa kwenda chooni na shela; kunywa maji kidogo kidogo tangu asubuhi. Liwa endeleeni kujipaka, mabibi walilijua kwa vipele vya joto.

Na tujue dalili za hatari. Kizunguzungu, kichwa kuuma na kichefuchefu: mtoe mtu kwenye joto, mlegeze nguo, mpe maji. Akianza kusema ovyo, mwili unawaka au akizimia, hiyo ni dharura. Msimnyweshe kitu. Mmwagieni maji, mfunikeni kanga iliyorowa, mpepeeni, na gari la hospitali liwe linaitwa papo hapo. Wanawake wapigeni pazia, asitiriwe huku anahudumiwa. Msisubiri picha zimalizike. Wajawazito, wazee na watoto wachanga ndio wa kuangaliwa zaidi; wakalisheni karibu na dirisha.

Mwili ni amana. Mwenyezi Mungu azibariki ndoa zenu na awape afya. Amin.